Mwalimu Aliyenichukulia Mpwa kwa Galaksi

Sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda kwa sababu tu siku hizi watu wakimtaja wanalainisha sauti. Mwalimu wa Fizikia alikuwa mtu mwema. Kila mtu Mgeta atakuambia hivyo, nami sibishi. Lakini mtu mwema naye anaweza kukuchukulia mtu wako, tena akamchukua taratibu, anacheka, huku wewe mwenyewe unamkaribisha chai.

Mtu wangu ni Yustina, mtoto wa kike pekee wa dada yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na shamba la ukoo hushikwa na wanawake. Baba ana heshima yake, ila likija jambo zito la mtoto, msemaji ni mjomba. Mjomba wa Yustina ni mimi. Nilimbeba mgongoni kwenye njia za milima hii kabla hajajua kutembea, na neno lake la kwanza la kueleweka alilisema akiwa ameng'ang'ania sikio langu. Kwa hiyo nikisema wivu, sisemi wivu wa utani.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kuja kutoka Singida, na baridi ya kwetu ilimwonea kweli kweli. Alivaa masweta mawili, la ndani refu kuliko la nje, na shingoni alizungusha taulo. Kwenye miteremko ambayo bibi zetu hushuka na tenga la karoti kichwani huku wanapiga soga, yeye alishuka kwa makalio. Angekuwa mwalimu mwingine, watoto wangemcheka hadi aombe uhamisho. Yeye alijicheka kwanza, na wiki hiyohiyo ukawaona wanafunzi nao wanashuka kwa makalio, sare zimechafuka, wanapiga kelele za furaha. Yustina alikuwa mmoja wao. Nilimuuliza ameanza lini kusahau kutembea, akaniambia, "Mjomba, ukishuka hivi unaona mawe yote." Nikajua hayo siyo maneno yake.

Hata kuniita Mjomba, yule bwana aliniita. Kanizidi umri, namwamkia shikamoo, ananijibu "Marahaba, Mjomba," kana kwamba na yeye kazaliwa na dada yangu. Watu waliona ni upole. Mimi niliona anajipenyeza.

Siku moja nilitaka kumkomesha mbele ya watu. Tulikuwa sokoni, ukungu umeshuka hadi mtu humwoni aliye upande wa pili wa mizani, nikamuuliza kwa sauti, "Mwalimu, wewe unafundisha mambo ya anga huku Mgeta. Hizo nyota zenyewe tunaziona lini?" Watu wakacheka, nikafurahi. Yeye naye akacheka, akaweka kapu lake chini. "Umesema kweli kabisa, Mjomba," akasema. "Na ndiyo sababu darubini wameipeleka nje, mbali kuliko mwezi. Hewa hii inayotuzunguka dunia nzima ni ukungu tu kama huu wa kwenu. Waliochoka kuchungulia kwenye ukungu wakaamua kutoka nje ya nyumba." Mama mmoja aliyekuwa anauza njegere akasema, "Kumbe!" Wengine wakamsogelea kusikiliza zaidi. Mimi nilibaki na kabichi zangu.

Kibaya zaidi ni pale alipoingia kitaluni kwangu. Kitalu changu cha miche watu wanakijua. Nimekiwekea kichanja, juu nimetandaza nyasi tabaka kwa tabaka, jua lisiunguze. Mwalimu alipita na wanafunzi wake wa Kidato cha Tano, akaomba ruhusa, nami nikadhani anataka kuwaonyesha kilimo. Loh! Akasimama pale anawaambia hivyo ndivyo ilivyo darubini mpya ya anga. Imewekewa kivuli cha matabaka, kikubwa sawasawa na uwanja wa tenisi, kwa sababu hiyo darubini kazi yake ni kuona mwanga wa joto, ule ambao macho yetu hayauoni. Ikipigwa na jua ikapata joto, itajiona yenyewe badala ya kuona galaksi. Lazima ikae kwenye baridi kali, kivulini, daima. Watoto wakawa wanaingiza mikono chini ya nyasi zangu kusikia ubaridi. Yustina akauliza, "Na vumbi je? Huko juu si kuna mawingu ya vumbi?" Mwalimu akamtazama, uso ukamng'aa, akasema, "Enhe! Mwanga wa joto unapenya vumbi. Nyota zinazozaliwa humo ndani, ambazo darubini ya zamani haikuziona, hii inaziona." Mtoto kakulia kwenye kitalu kile, miaka yote nimemweleza habari za kivuli na miche, hajawahi kuniuliza swali hata moja la namna ile. Siku ile nilirudi nyumbani nikakataa chakula, mke wangu akadhani malaria.

Alikuwa na msemo wake, "Tazama tena." Mwanafunzi akikosa, hakumwambia umekosa, alimwambia tazama tena. Akipatia, vilevile. Baada ya muda Yustina akaanza kunitupia mimi. Nimeshika jani la kabichi, nasema huu ni ugonjwa wa ukungu wa kawaida, yeye ananiambia, "Mjomba, hebu tazama tena." Ati mimi, niliyempa jembe la kwanza!

Nisimwonee, alikuwa na vituko vyake, na nilivikusanya vyote kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyekuwa anazungumzia miaka bilioni kumi na tatu bila haraka yoyote, chai ikichelewa kidogo anatoka nje kufoka. Mtu aliyewaambia watoto kwamba galaksi mbili zinaweza kugongana, zikapitana, na nyota zake zisigusane kwa jinsi nafasi ilivyo kubwa huko, huyohuyo aligombana kiangazi kizima na jirani yake kwa ajili ya mbuzi aliyeingiza kichwa tu kwenye bustani yake ya sukuma wiki. Alimwogopa kinyonga. Aliimba vibaya na aliimba kila siku. Nilipomsimulia Yustina habari ya yule mbuzi nikitarajia atacheka, hakucheka, akasema, "Mwalimu hana mtu wa kula naye, mboga ndiyo anaongea nayo." Nikajiona mdogo, nikamchukia Mwalimu kwa hilo pia.

Lakini siku iliyonitia kidonda hasa ni ya kikao cha wazazi. Mwalimu aliomba muda kidogo mwishoni, akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta ya shule. Picha ikatokea. Sijui nieleze vipi. Weusi, na ndani yake vidoti na vijiti vya mwanga vimejaa, vyekundu, vya manjano, vyeupe, vingine vimepinda kama vimevutwa na mkono. Akatuambia tunyooshe mkono, tufikirie tumeshika chembe moja ya mchanga kwenye ncha ya kidole. "Kipande cha anga kinachofunikwa na hiyo chembe," akasema, "ndicho hiki. Na hivyo vidoti siyo nyota. Karibu kila kimoja ni galaksi, na kila galaksi ina nyota mabilioni, na jua letu ni nyota moja tu ndani ya galaksi moja." Ukumbi mzima tulikuwa tumenyoosha vidole, wazee kwa wamama. Padre mwenyewe alinyoosha.

Akaendelea kwamba mwanga wa zile nyekundu umesafiri muda mrefu sana, na kwa kuwa ulimwengu wenyewe unatanuka, mwanga nao umevutika njiani hadi ukageuka kuwa wa joto. Tunaziona zilivyokuwa wakati ulimwengu bado mchanga. Na kilichowashangaza wataalamu, akasema, ni kwamba galaksi za mwanzo zimeonekana kubwa na zenye kung'aa kuliko walivyotegemea. Walitarajia vichanga, wamekuta vijana. Watu wakaguna.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilitaka nami nionekane. "Mwalimu, hebu tuambie, ni nani aliyekwenda huko kuipiga hiyo picha?" Wazazi wakaangua kicheko, na safari hii walinicheka mimi. Kabla Mwalimu hajafungua mdomo, Yustina akasimama kule nyuma. "Mjomba, hakuna aliyekwenda. Picha inakuja kwa mawimbi ya redio, tena inakuja namba tupu, wanazipanga ndiyo iwe picha. Hata rangi wanaziweka wao ili macho yetu yaelewe." Alisema vizuri, kwa heshima, hakunidharau. Kisha akageuza shingo kumtazama Mwalimu, kuona kama amepatia. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kidogo tu. Uso ambao yule mtoto alimwonyesha pale, mimi sijawahi kuonyeshwa. Niliuona kwa macho yangu na hadi leo nikiukumbuka natamani kuvunja kitu.

Alipomaliza Kidato cha Sita na matokeo yakatoka mazuri, kukapatikana nafasi ya masomo Afrika Kusini. Mwalimu alikwenda kwa dada yangu kuomba ridhaa, na dada, kwa kuwa ni mwanamke anayejua taratibu, akamwambia, "Mimi hapo sina la kusema. Nenda kwa mjomba wake. Na usiende peke yako, nenda na mtu mzima wa huku." Mwalimu mgeni wa taratibu zetu, akamchukua katekista. Sasa huyo katekista, vijiji vyote hivi hakuna ndoa ambayo hakupeleka posa yake. Anayo maneno yake, yamemkaa mdomoni kama sala.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Mwalimu kavaa koti lililopigwa pasi, katekista kabeba jogoo na pakiti ya sukari, maana alishamwambia mwenzake kwamba kwa mjomba hawaendi mikono mitupu. Tukawakaribisha, tukasalimiana, wakakaa. Katekista akakohoa, akaanza. "Ndugu yetu, tumekuja kwa miguu, siyo kwa bahati mbaya. Tumepita, tumeona ua zuri limechanua katika bustani yako. Mwenzangu hapa limemkaa moyoni. Tunaomba utufungulie mlango." Kwa mazoea tu, mzee wa watu, hata hakusikia anachosema.

Mimi damu ikanipanda. Nikasimama. "Mwalimu! Mzee mzima na mvi zako! Mtoto uliyemfundisha mwenyewe, leo unakuja kuniletea posa?"

"Posa?" Mwalimu akamtazama katekista, akanitazama mimi, akamtazama jogoo. "Posa gani, Mjomba? Mimi nimekuja kwa habari ya chuo!"

Huko jikoni nikamsikia mke wangu ameshindwa kujizuia, sufuria imemdondoka, anacheka hadi analia. Katekista akajishika kichwa, "Yesu na Maria, nimeanza pabaya." Tukacheka wote, hata mimi nilicheka, na tulipomaliza kucheka Mwalimu akaeleza kwa utulivu. Nchi gani, masomo gani, miaka mingapi. Alisema kule kuna watu wanaochambua picha za darubini ileile, na Yustina ana jicho. "Mtoto huyu anauliza swali linalofuata," akasema, "wengi wanaishia kwenye jibu."

Basi hapo ndipo nilipotamani ingekuwa posa kweli. Mposaji mzee ningemfukuza na jogoo wake, na kijiji kizima kingenipongeza. Huyu ningemfukuzia nini? Nikaleta habari ya shamba. Nikasema huyu ndiye mwanamke pekee aliyebaki wa kushika ardhi ya mama zake, akiondoka nani atashika? Mwalimu akasema, "Shamba litakuwepo, Mjomba, mlima hauhami." Nikamwambia nitafikiri. Lakini haikuwa shamba. Dada yangu ana nguvu zake, shamba lilikuwa na miaka mingi ya kumsubiri. Ilikuwa wivu, na nilijua.

Jioni ile Yustina alikuja kunisaidia kumwagilia. Akasema bila kuniangalia, "Mjomba, ukisema hapana sitaenda. Na sitanuna." Nilijua anasema kweli. Nikawaza, nikikataa atabaki hapa, atapanda kabichi vizuri, atanipikia nikiugua, na kila akiinua uso kwenye ukungu atakuwa anamuwaza Mwalimu. Ningebaki na mikono yake tu. Nikamwambia, "Nenda. Ila usiniletee mkwe anayeshuka mlima kwa makalio." Akacheka, akalia, akamwaga maji yote kwenye miguu yangu.

Kumsindikiza tulikwenda wote hadi stendi ya Msamvu, Morogoro mjini, apande basi la Dar. Mwalimu naye akaja. Dakika za mwisho wao wawili wakawa wanabishana kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kwamba wataalamu wakiipima kwa njia hii wanapata jibu moja na wakipima kwa njia ile wanapata jingine, na darubini mpya imepima na tofauti bado ipo. Basi linapiga honi, wao bado wapo hapo. Mimi niliambulia, "Mjomba, usiache dawa za presha." Niliiona kama sadaka ya mwisho kwenye kapu. Mwalimu alipopunga mkono, mtoto alitoa kichwa dirishani upande wake.

Mwaka uliofuata Mwalimu alistaafu, akaondoka Mgeta. Tulisikia anakaa na binti yake huko Morogoro mjini, kisha tukasikia ameibiwa simu, laini imepotea, na hakuna aliyekuwa na namba yake mpya. Yustina alikuwa ananipigia mimi kila Jumapili baada ya misa. Kila mara anauliza, "Mjomba, Mwalimu umemwona?" Namjibu sijamwona, na ni kweli sikumwona. Sikuwa na haraka ya kumwona pia.

Kwa kuwa alikosa wa kumwambia, akaanza kuniambia mimi. Mwanzo niliitikia tu enhe, enhe, huku nasafisha jembe. Halafu nikaanza kuuliza. Nitasema ukweli, nilijifunza kwa wivu. Nilitaka siku moja nijue kitu ambacho Mwalimu hakijui. Nilijua mashimo meusi yanakaa katikati ya galaksi, nikajua galaksi yetu yenyewe inalo. Mke wangu akawa ananikuta nimekaa kwenye ngazi za shamba nachora mzunguko ardhini kwa kijiti, anapita anasema, "Profesa, njegere zinakusubiri."

Mwezi uliopita nilishuka mjini, nikawa nasubiri mzigo wa mbegu pale Msamvu, mchana, jua kali. Kwenye benchi la mama wa chai nikamwona mtu kajikunja na sweta kwenye joto lile. Sweta moja tu. Amekonda, ameshika kikombe.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama muda mrefu kabla uso wake haujafunguka. "Marahaba, Mjomba! Mjomba wa Mgeta!" Akanishika mkono, hakuuachia. Tukaulizana habari za afya, za mvua, za bei ya karoti. Nilijua anazunguka, na nikamwacha azunguke. Mwisho akashusha sauti, "Na yule binti yangu? Anasoma nini sasa?"

Alisema binti yangu. Hata hivyo nikamjibu. Nikamwambia mwaka huu Yustina amewekwa na kundi linalochunguza vidoti vidogo vyekundu.

"Vidoti gani?"

Hakujua! Ndugu msomaji, nilikuwa nimesubiri hilo miaka. Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nikamweleza kwamba darubini ile imeona vitu vidogo, vyekundu, vingi, vya zama za mwanzo, ambavyo hakuna aliyevitegemea. Wengine wanasema ni mashimo meusi yanayokula gesi yakiwa yamefunikwa, wengine wanasema ni galaksi zilizobanana nyota, na wanabishana hadi sasa. Yeye amenikodolea macho, chai imepoa, ananiuliza swali juu ya swali. Vinang'aa kiasi gani? Vipo mbali kiasi gani? Mbona havionekani karibu na sisi? Mengine nilijibu, mengine nikababaika. Alinisogelea hadi goti lake likagusa langu. Nikagundua anachotafuta kwangu. Anataka kila neno lililotoka mdomoni mwa yule mtoto, hata kama limepitia kwangu na kuchakaa.

"Anakupigia wewe," akasema. Hakuuliza.

"Kila Jumapili."

Akaitazama chai yake. "Kila Jumapili," akarudia, polepole, na sauti ile niliitambua mara moja kwa sababu ni yangu. Nimeishi nayo. Mwalimu wa Fizikia alikuwa ananionea wivu.

Nilidhani siku hiyo ikija nitaruka kwa furaha. Nilikaa pale, nikaona ningeweza kabisa kusema kwaheri, mzigo wangu umefika, nikapanda zangu mlimani na Jumapili zangu. Moyo ulinishauri hivyo, tena kwa nguvu. Nikatoa simu, nikapiga.

"Mjomba? Kuna nini? Leo si Jumapili. Mama mzima?"

"Wote wazima. Kuna mtu hapa." Nikampa Mwalimu.

Alisema, "Habari yako, mwanafunzi," na hapo hapo simu ikalipuka kwa kelele. Mama wa chai aligeuka. Yule mtoto alikuwa analia, anacheka, anaita "Mwalimu! Mwalimu wangu! Ulikuwa wapi?" kwa sauti ambayo mimi, niliyembeba mgongoni, hajawahi kuniita nayo. Mwalimu akainuka, akanipa mgongo, akasogea pembeni ya kibanda na simu yangu, mabega yanamtikisika. Nikamsikia anauliza habari za vile vidoti vyekundu, vyote vile nilivyomweleza mimi, anauliza upya tangu mwanzo, na mtoto anamjibu kwa mbio.

Nilikaa nimeshika kikombe chake. Wivu uliniwaka mpya kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza umeanza.

Aliporudi alifuta macho kwa mkono wa sweta, akanirudishia simu. Niliiweka sikioni. Ilikuwa imeshakatwa.

"Lete simu yako," nikamwambia. Akaitoa, kile kisimu chake kidogo, na nikamwingizia namba ya Yustina mimi mwenyewe, tarakimu baada ya tarakimu, kisha nikaisoma tena yote kuhakikisha sijakosea.